Flashi Haifunguki Saiba? Usikubali Iformatiwe

Mteja wetu mmoja, mama anayeuza nafaka sokoni Katangi, alikuwa ameweka stetimenti za till yake zote kwenye flashi moja. Siku ya kuomba mkopo wa SACCO ilipofika akaipeleka saiba aprintiwe. Kompyuta ikasema diski lazima iformatiwe kabla ya kutumika. Kijana wa saiba akamuuliza, "Mama, hii imekufa. Niiformati?" Mama akakataa, akatupigia simu.

Stetimenti tungemtumia upya, hiyo si shida. Shida ni kwamba humo ndani kulikuwa pia na picha za daftari lake la madeni. Hizo sisi hatuna.

Na flashi haikuwa imekufa. Mwanawe aliye chuo aliiformati kwenye kompyuta yake ya Mac kabla ya kumwekea faili. Windows, ambayo ndiyo iko saiba nyingi, haisomi mpangilio wa Mac bila programu ya ziada. Sasa badala ya kukwambia "sielewi hii," inakwambia uformati. Yaani ufute!

Wengi hulaumu kampuni iliyotengeneza flashi. Miaka ya 1990 wangekuwa na haki: diski ya Zip ya Iomega, iliyotangazwa 1994 ikibeba MB 100, haikuingia kabisa kwenye mashine ya mshindani wake SyQuest. USB ikamaliza ugomvi wa tundu, lakini ugomvi wa mpangilio ukabaki. Leo SanDisk na Kingston zikiformatiwa sawa, kompyuta inazisoma sawa.

Mpangilio ni kama mistari ya daftari: mashine lazima ijue mistari imepigwa vipi ndio isome. FAT32 inasomwa karibu kila mahali, hata redio ya matatu, ila haibebi faili moja ya GB 4, kwa hivyo video ndefu ya kamera ya duka itakataa. NTFS ni ya Windows. Mac inaisoma bila kuiandikia, na simu nyingi za Android haziitaki. Kwa mfanyabiashara tunapendekeza exFAT, ambayo Microsoft waliitoa 2006. Windows na Mac zote zinaisoma na kuiandikia. Memori kadi za GB 64 kwenda juu huja nayo, ndiyo maana visomaji vya zamani, vilivyoundiwa kadi zisizozidi GB 32, huzikataa.

Kwa hivyo ukiulizwa kuformati, sema hapana, chomoa, halafu ijaribu kwenye kompyuta ya aina ile iliyoiandika. Mwana wa huyu mama alifungua flashi kwa Mac yake, akatoa kila kitu, akaiformati exFAT, akarudisha. Kama mtu ameshabonyeza "ndiyo," usiweke kitu kingine chochote humo. Mara nyingi kuformati haraka hufuta orodha tu, faili zenyewe bado ziko, na fundi anaweza kuzirudisha mradi hazijaandikiwa juu.

Lakini flashi ikienda kwa fundi au saiba, iko mikononi mwa mtu mwingine. PIN yako na nywila ya kufungulia stetimenti zisiwe zimeandikwa humo ndani, hata kwenye faili uliyoipa jina la "mapishi." Tumeziona.