Kontroboksi ya Bodi Husingiziwa Mengi

Dalili huanza kama mzaha. Waipa zinafuta kioo kikavu, taa ya ndani inakataa kuzima, milango inajiloki yenyewe, na honi inalia usiku wa manane mpaka majirani wanatoka nje. Asubuhi moja ufunguo unazungushwa, alama ya kufuli inapepesa kwenye dashibodi, stata kimya. Gari likivutwa hadi gereji, hukumu mara nyingi hutangulia kipimo: kontroboksi imekufa, tafuta nyingine.

Kontroboksi inayosemwa hapo si ile ya injini. Ni ya bodi, mafundi wengi huiita BCM, na katika SUV nyingi imejificha chini ya dashibodi au nyuma ya kabati la abiria. Kwenye Chevrolet TrailBlazer ya 2002 hadi 2009 iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kushoto. Kazi yake ni taa, indiketa, waipa, vioo, loki, honi na ulinzi dhidi ya wizi. Zamani swichi ya taa ilipitisha umeme wenyewe hadi kwenye balbu. Katika magari yenye boksi hili swichi hupeleka ombi tu, na boksi ndilo linaloamua kuwasha. Magari mengi ya miaka ya 2000 huunganisha boksi hilo na kompyuta nyingine kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, mtandao uitwao CAN, ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986. Mtandao huo umepunguza mzigo wa nyaya, lakini kasoro moja ndogo ya umeme huweza kujitokeza sehemu tano zisizoonekana kuwa na undugu wowote.

Hapo ndipo fedha za watu hupotea. Boksi hununuliwa, hufungwa, na ugonjwa unabaki palepale, kwa sababu kilichokuwa kibovu ni waya wa athi ulioliwa na kutu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kompyuta. Betri nzima iliyopumzika huonyesha takriban volti 12.6, na injini ikiwaka inatakiwa kupanda hadi kama 14. Kisha taa zote zinawashwa na mita inawekwa kati ya ncha hasi ya betri na chuma cha bodi. Ikisoma zaidi ya volti 0.2 hivi, athi ni mbovu, na kontroboksi inayokosa athi safi hutenda vituko vyote vilivyotajwa hapo juu. Fundi makini huvuta pia raba inayofunika nyaya kwenye bawaba za milango, hasa mlango wa buti, maana nyaya zinazokunjwa kila siku kwa miaka 15 hukatika ndani kwa ndani huku ganda la nje likiwa zima. Na atafute kazi za waliotangulia: alamu, redio, kifaa cha kufuatilia gari. Vifaa hivi mara nyingi hufungwa kwa kuchuna waya wa gari na kusokota mwingine juu yake, kisha utepe. Gari likija na historia ya namna hiyo, hapo ndipo pa kuanzia.

Mtandao nao hupimika kwa mita ileile. Betri ikiwa imetolewa, ohmu husomwa kati ya tundu namba 6 na 14 la soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani. Kwenye mtandao mzima wa CAN jibu ni karibu 60, kwa sababu kila mwisho una kizuizi cha ohmu 120. Ikisoma 120, upande mmoja umekatika; ikikaribia sifuri, nyaya zimegusana.

Mashine ndogo za kupimia zinazouzwa kwa bei rahisi zina upungufu ambao wauzaji hawausemi. Nyingi husoma kodi zinazoanza na P tu, yaani za injini na gia boksi. Kodi za bodi huanza na B, za mawasiliano kati ya kompyuta huanza na U, na hizo ndizo zinazotakiwa hapa.

Adui mkubwa ni maji. Land Rover Discovery ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2004, inasifika kwa kuvuja kwenye madirisha yake ya paa. Maji hupita ndani ya nguzo ya kioo cha mbele na kushukia nyuma ya dashibodi, zilipo fyuzi na kontroboksi. Magari mengine huzibwa na majani makavu kwenye mifereji iliyo chini ya waipa, na mvua ya masika inapokosa njia ya kutokea inaingia ndani. Ukilifungua boksi lililolowa unaona unga wa kijani kwenye pini za shaba na madoa meupe juu ya sahani ya saketi. Kwa lililochoka kwa joto, risasi iliyoshikilia miguu ya relei huwa na ufa mwembamba wa duara, na huo mara nyingi hutengenezeka kwa kifaa cha kuchomelea, bila kununua chochote.

Ikithibitika kweli limekufa, kazi inayofuata ni ya kumbukumbu kuliko ya spana. Katika magari mengi, ndani ya boksi mna utambulisho wa funguo na siri inayoshirikiwa na kompyuta ya injini. Boksi la mtumba kutoka Gerezani jijini Dar es Salaam au Grogan, Nairobi, linaweza kuwa zima kabisa na bado likazuia gari kuwaka, kwa sababu linajua funguo za gari lingine. Kwa Nissan kama X-Trail, namba ya kifaa huanza na 284B1. Herufi na tarakimu zinazofuata kistari ndizo zinazotofautisha boksi la gari moja na lingine, na zote zinapaswa kulingana. Halafu mtu mwenye mashine inayofaa aoanishe boksi, kompyuta ya injini na funguo zote. TrailBlazer, ikishawekewa taarifa zake kwa mashine, hukamilisha kwa subira: kuwasha, kungoja dakika 10 hadi taa ya ulinzi izime, na kurudia hadi zitimie mara tatu.

Kwa sababu hiyo boksi la zamani halitupwi wala haliachwi gereji. Mara nyingi iliyokufa ni sehemu ya umeme tu, na kijichipu cha kumbukumbu kiko hai. Fundi wa elektroniki anaweza kukisoma na kuhamishia taarifa zake kwenye boksi la badala. Mwenye gari anayeambiwa lilishatupwa ana haki ya kukasirika.

Siku ya kubadilisha, waya hasi wa betri hutolewa kwanza, dakika kadhaa hupita ili mifuko ya hewa isilipuke kwa bahati mbaya, na soketi hupigwa picha kabla ya kuchomolewa. Mfereji wa maji ulioziba huzibuliwa siku hiyohiyo, la sivyo boksi jipya litafuata la zamani.

Mwishoni gari hufungwa na kuachwa lilale kama saa moja, kisha mita ya ampia huwekwa kati ya betri na waya wake hasi. Chini ya miliampia 50 ni kawaida. Nusu ampia hula ampia-saa 12 kila siku, kiasi cha kuilaza betri ya ampia-saa 60 chini kabisa ndani ya siku tano. Ikisoma hivyo, fyuzi huchomolewa moja moja huku mita ikitazamwa, na ile inayoushusha mkondo ndiyo inayoonyesha saketi ya kufuatwa.