Kumtetea mshitakiwa: Je, ni kutetea dhambi?

Sifa zote njema ni za Allah, Bwana wa walimwengu wote, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu msomaji, pindi mtu anaposhitakiwa kwa unyang'anyi, wengi wetu husema: jambazi hana haki. Na wakili akisimama kumtetea, tunamwona mshirika wa dhambi. Wapo wanaotoa hata dalili, kwamba katika Suratun-Nisaa, aya ya 105, Allah amekataza kuwatetea wahaini. Ijumaa hii tuitazame dalili hiyo kwa kupitia mashauri mawili yaliyoanzia hapa kwetu Kilimanjaro.

La kwanza lilianzia Mahakama ya Wilaya ya Rombo, na la pili Mahakama ya Wilaya ya Moshi. Kila mmoja wa washitakiwa alihukumiwa kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Wote wawili walikuwa wanyonge wasio na wakili, wakajitetea wenyewe mbele ya sheria wasiyoisomea. Rufaa zao zilishindwa katika mahakama za nchi. Hatimaye walifika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, na huko wakatetewa na Umoja wa Mawakili wa Afrika, ambao makao yake yako mji huo huo.

Katika shauri la Rombo, namba 005/2013, Mahakama hiyo iliamua tarehe 20 Novemba 2015 kwamba haki ya mshitakiwa ya kusikilizwa ilivunjwa, kwani shauri liliendeshwa naye akiwa hayupo kwa sababu ya maradhi, na hakupewa wakili. Katika shauri la Moshi, namba 007/2013, hukumu ilitolewa tarehe 3 Juni 2016. Ilionekana kwamba mshitakiwa alitiwa hatiani kwa ushahidi wa mtu mmoja uliopingana, bila gwaride la utambuzi, na dai lake kwamba hakuwapo mahali pa tukio halikuchunguzwa ipasavyo. Mwezi Julai 2019 Mahakama iliamuru wote wawili walipwe fidia.

Tuzingatie jambo moja. Mahakama haikuamuru waachiwe huru, wala haikutangaza kwamba hawakutenda. Ilichosema ni kwamba hawakusikilizwa kwa haki. Hapa ndipo wengi wetu tunapochanganya mambo mawili: kutetea uovu, na kutetea haki ya mtu kusikilizwa.

Sasa turejee kwenye ile aya. Wafasiri wanaeleza kwamba iliteremka kuhusu mtu wa Madina, aliyejihesabu Muislamu, aliyeiba deraya kisha akamsingizia Yahudi. Jamaa zake wakaja kwa Mtume (S.A.W.) kumtetea mwizi wao, nao walikuwa wengi na wenye ndimi nyepesi. Wahyi ukashuka kumsafisha Yahudi yule, ambaye hakuwa na mtu wa kumsemea. Kwa hiyo aya hii inawakataza wenye nguvu kuupamba uongo ili asiye na hatia abebe mzigo. Kuifanya hoja ya kumnyima mnyonge mtetezi ni kuigeuza kichwa chini miguu juu.

Aidha, Mtume (S.A.W.) alipomtuma Sayyidna Ali (R.A.) Yemen kuwa kadhi, alimwagiza asihukumu baina ya wawili mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Na Nabii Musa (A.S.) alimwomba Mola wake nduguye Harun awe pamoja naye mbele ya Firauni kwa kuwa alikuwa fasaha zaidi wa ulimi. Wanazuoni wetu wa fiqhi nao wamejuzisha kumwakilisha mtu katika madai, kwa sharti la wakili asiseme uongo wala asifiche haki ya mwingine.

Nchi yetu ilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2017, inayowatambua pia wasaidizi wa kisheria. Hata hivyo, sheria pekee haimfikii mjane wa Rombo ambaye mwanawe yuko mahabusu Karanga.

Kwa hiyo tunazishauri kamati za misikiti ya Moshi na ya vijiji vya mlimani zitenge fungu la sadaka kwa ajili ya kazi hii, na vijana wetu waliosomea sheria wajitolee walau siku moja kwa mwezi. Tunajenga misikiti, tunachimba visima, alhamdulillahi. Basi na tumjengee mnyonge ulimi.

Tunamwomba Allah atujaalie kuwa wasimamizi wa uadilifu, hata dhidi ya nafsi zetu. Amin.