Maombi ya rekodi za polisi katika miji ya sherifu (California)

Maombi ya rekodi za polisi ni hatua ya mtu kuomba kuona, au kupata nakala ya, maandishi, picha, sauti au video zilizotunzwa na chombo cha ulinzi. Katika jimbo la California nchini Marekani jambo hili lina ugumu wa pekee kwa wakazi wa miji isiyo na polisi wake yenyewe, ambayo hulindwa na sherifu wa kaunti kwa mkataba. Katika miji hiyo tukio hutokea mjini, lakini jalada lake hukaa kaunti. Anayepeleka ombi mahali pasipohusika anaweza kujibiwa kwamba hakuna rekodi, akaondoka akiamini kwamba shauri lake halikuandikwa kamwe.

Sherifu ni nani

Nchini Tanzania na Kenya polisi ni chombo cha taifa, na kila kituo ni tawi la chombo hicho kimoja. Marekani haina mpango wa namna hiyo. Mji, kaunti, jimbo na serikali ya shirikisho huweza kila kimoja kuwa na askari wake, chini ya mkuu wake, kwa bajeti yake na kwa ofisi yake ya kumbukumbu. Askari wa mji mmoja hawawajibiki kwa mkuu wa mji wa jirani.

Kaunti ni sehemu ya jimbo. California ina kaunti 58, na kwa mujibu wa katiba ya jimbo kila kaunti ina sherifu anayechaguliwa na wapiga kura. Neno hili lisichanganywe na sharifu, jina la heshima la watu wa ukoo wa Mtume Muhammad. Sherifu latokana na maneno mawili ya Kiingereza cha kale yenye maana ya msimamizi wa wilaya. Kwa kawaida sherifu huendesha jela za kaunti, na hulinda maeneo yasiyo ndani ya mpaka wa mji wowote. Askari wake huitwa manaibu sherifu.

Asili ya miji ya mkataba

Mwaka 1954 wakazi wa Lakewood, katika Kaunti ya Los Angeles, waliamua eneo lao liwe mji unaojitawala. Badala ya kuanzisha idara zake zote, mji huo mpya uliingia mkataba na kaunti ili uendelee kupata huduma kwa malipo, ulinzi ukiwa mmojawapo. Utaratibu huo ulijulikana kama Mpango wa Lakewood, na miji mingi ikaufuata.

Kaunti ya Los Angeles ina miji 88, na zaidi ya 40 kati yake hulindwa na sherifu kwa mkataba. Miongoni mwao ni West Hollywood, Malibu, Norwalk, Santa Clarita, Palmdale na Lancaster. Compton ilikuwa na polisi wake hadi mwaka 2000, ilipoivunja idara hiyo na kumkabidhi sherifu kazi hiyo. Jiji la Los Angeles lenyewe lina polisi wake, ambao si askari wa sherifu.

Alama za nje zinaweza kumpoteza mtu. Kwa mfano, katika mji wa Dublin, Kaunti ya Alameda, magari ya doria yana jina la polisi wa Dublin, ingawa wanaoyaendesha ni waajiriwa wa sherifu wa Alameda. Kwa hiyo swali la kwanza la mwombaji si "tukio lilitokea wapi?" peke yake, bali pia "askari aliyeandika taarifa aliajiriwa na nani, na mwaka gani?" Jalada la Compton la mwaka 1995 liliandikwa na idara ya mji, la mwaka 2005 liliandikwa na idara ya sherifu.

Nani anatunza nini

Katika mji wa mkataba, rekodi hugawanyika hivi:

- Idara ya sherifu hutunza taarifa za matukio na uhalifu, kumbukumbu za simu za kuomba msaada, orodha za waliokamatwa, taarifa za ajali zilizoandikwa na manaibu wake, na video za kamera wanazovaa.
- Karani wa mji hutunza mkataba kati ya mji na kaunti, bajeti ya ulinzi, mihutasari ya vikao vya baraza la mji, na taarifa za uhalifu ambazo kituo cha sherifu kimezipeleka kwa baraza.
- Mahakama hutunza mashtaka, mwenendo wa kesi na hukumu.
- Ofisi ya uchunguzi wa vifo ya kaunti hutunza taarifa za uchunguzi wa maiti.
- Idara ya Sheria ya California hutunza historia ya jinai ya mtu binafsi. Mtu huomba yake mwenyewe kwa kutoa alama za vidole.

Karatasi moja inaweza kuwa katika ofisi mbili. Sheria huhesabu kuwa rekodi ya umma si tu kile ambacho ofisi imekiandika, bali pia kile inachokimiliki, inachokitumia au inachokihifadhi kwa kazi zake. Takwimu za uhalifu zilizoandaliwa na sherifu na kuwasilishwa mbele ya baraza huweza kuombwa mjini pia.

Sheria inayotawala

Sheria ya Rekodi za Umma ya California ilipitishwa mwaka 1968. Mwaka 2004 wapiga kura waliiingiza haki ya kupata habari za serikali katika katiba ya jimbo. Tangu tarehe 1 Januari 2023 sheria hiyo imepangwa upya na huanza katika kifungu 7920.000 cha Kanuni ya Serikali ya jimbo. Maandishi ya zamani bado hutaja kifungu 6250.

Mtu yeyote anaweza kuomba. Hatakiwi kuwa raia wa Marekani wala mkazi wa California, na kwa kawaida halazimiki kueleza sababu. Ndugu aliye Mombasa au Bukavu ana haki ya kuandika sawa na mkazi wa Norwalk.

Ofisi ina siku 10 za kuamua kama rekodi inaweza kutolewa, na katika mazingira maalumu inaweza kuongeza siku zisizozidi 14. Siku hizo ni za uamuzi, si lazima nakala ziwe tayari ndani yake. Ofisi inapaswa pia kumsaidia mwombaji kulifafanua ombi lake. Kwa kawaida malipo ni gharama ya kunakili tu, si mshahara wa muda wa kutafuta. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba mji wa Hayward haukuwa na haki ya kumtoza mwombaji gharama za kuhariri video za polisi ili kuondoa sehemu zisizoruhusiwa.

Kinachotolewa na kinachozuiwa

Jalada la upelelezi linaweza kuzuiwa. Mwaka 1993, katika kesi ya Williams, Mahakama ya Juu ya California ilisema kinga hiyo haimaliziki upelelezi unapofungwa. Ndiyo maana ombi la "jalada zima" mara nyingi hukataliwa, hata kwa tukio la miaka mingi iliyopita.

Hata hivyo sheria inatofautisha jalada na habari zilizomo. Kuhusu mtu aliyekamatwa, ofisi hutakiwa kutoa jina, saa na mahali alipokamatwa, mashtaka, na kiasi cha dhamana. Kuhusu simu na malalamiko, hutakiwa kutoa saa, mahali, aina ya tukio na hatua iliyochukuliwa. Habari hizi zinaweza kuzuiwa pale tu zinapohatarisha usalama wa mtu au upelelezi. Waathirika wa makosa fulani, kama yale ya kingono, wanaweza kuomba majina yao yafichwe. Rekodi za watoto zina ulinzi wake wa pekee.

Wenye haki zaidi ya umma

Baadhi ya watu hupata kile ambacho umma haupati. Mwathirika wa ukatili wa nyumbani, ubakaji, kufuatwafuatwa, biashara haramu ya binadamu au unyanyasaji wa wazee ana haki ya kupata nakala ya taarifa yake bila malipo, kwa kawaida ndani ya siku 5 za kazi, au 10 pakiwa na sababu ya msingi. Hati hiyo huweza kuhitajika mbele ya hakimu anapoombwa kutoa amri ya zuio, kwa hiyo kuchelewa kwa kupeleka ombi kwa karani wa mji badala ya sherifu kuna gharama kubwa.

Taarifa ya ajali ya gari ni ya siri kwa umma, lakini hutolewa kwa wahusika: madereva, majeruhi, wenye mali iliyoharibika, kampuni zao za bima na mawakili wao. Katika maeneo yasiyo ndani ya mji, ajali za barabarani kwa kawaida huandikwa na polisi wa barabara kuu wa jimbo, si sherifu.

Mwenendo wa askari

Tangu mwaka 1978 majalada ya nidhamu ya askari yalifungwa kwa umma. Sheria namba SB 1421, iliyoanza kutumika Januari 2019, ilifungua rekodi za askari kumfyatulia mtu risasi, za nguvu iliyosababisha kifo au jeraha kubwa, na za udanganyifu au shambulio la kingono lililothibitishwa. Sheria namba SB 16 ya mwaka 2021 iliongeza makosa mengine yaliyothibitishwa, yakiwemo nguvu iliyopita kiasi, ubaguzi, na ukamataji au upekuzi kinyume cha sheria. Kwa video za matukio ya risasi na majeraha makubwa, ofisi inaweza kuchelewesha siku 45, na zaidi ya hapo ikiwa tu inaonyesha kwamba upelelezi ungeathirika.

Kuandika ombi

Ombi linaweza kutolewa kwa mdomo, lakini la maandishi huacha ushahidi wa tarehe. Ombi zuri hutaja:

- tarehe na saa ya tukio, hata kwa kukadiria;
- mtaa au njia panda;
- namba ya taarifa, kama naibu sherifu aliiacha;
- majina ya wahusika yanayojulikana;
- aina ya rekodi inayotakiwa;
- uhusiano wa mwombaji na tukio, anapodai haki ya mwathirika au mhusika.

Ni vizuri kuomba mapema, kwa kuwa rekodi na video huhifadhiwa kwa muda maalumu, kisha baadhi hufutwa.

Ombi likikataliwa

Ombi lililoandikwa likikataliwa, jibu lazima liwe la maandishi, litaje msingi wa kisheria, pamoja na jina na cheo cha aliyehusika na uamuzi. Sehemu ya siri ikiweza kutengwa, iliyobaki lazima itolewe.

Jibu la "hatuna rekodi" lina maana tofauti na "hatutoi". La kwanza linasema tu kwamba ofisi hiyo haina. Hapo mwombaji huuliza ni ofisi gani inayo. La pili linakubali kwamba rekodi huenda ipo, na linaweza kupingwa mahakamani katika kaunti. Mwombaji akishinda, ofisi hulipa gharama na ada ya wakili wake. Akishindwa, hulipa za ofisi pale tu mahakama inapoona kesi yake haikuwa na msingi wowote.