Silaha Ijichaguliayo Shabaha: Istilahi na Sheria

Mfasiri wa maandiko ya sheria ya kimataifa ya kibinadamu, ambayo wengine huiita sheria ya vita, hukutana siku hizi na silaha ya namna mpya. Silaha hiyo ikiisha kuwashwa na mtu, hutafuta shabaha na kuishambulia yenyewe, bila ya mtu kuichagua shabaha hiyo. Tuiiteje kwa Kiswahili? Majina mawili huja upesi akilini: "silaha inayojiendesha" na "silaha inayojiamulia."

Jina la kwanza ni pana mno. Kujiendesha ni kwenda bila ya dereva au rubani. Ndege yaweza kujiendesha angani, huku mtu aliye mbali akiichagulia shabaha. Ubishi wa wanasheria hauhusu mwendo, bali uchaguzi huo.

Jina la pili lina hatari kubwa zaidi. Aamuaye huweza kuulizwa kwa nini ameamua hivyo. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva ya 1949, huwaagiza wapangao mashambulizi wawatenge raia na wapiganaji, wasishambulie iwapo madhara kwa raia yatapita kiasi yakilinganishwa na faida ya kijeshi itarajiwayo, tena wajihadhari. Mambo hayo twayaita upambanuzi, uwiano na tahadhari. Aidha, Kifungu cha 36 huitaka nchi ichunguze kama silaha mpya inapatana na sheria. Amri zote hizo zimeelekezwa kwa watu na dola; hakuna iliyoelekezwa kwa mtambo. Tukiandika kwamba mtambo "umeamua" kuwaua wanakijiji, tumemfungulia kamanda mlango wa kutorokea.

Kwa hiyo twapendekeza "silaha ijichaguliayo shabaha." Kuchagua hapa ni kutenga tu: hata chekeche hutenga unga na pumba, wala hatusemi kwamba imeamua. Jina hili laafikiana pia na maelezo ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ambayo mwaka 2021 ilizishauri nchi zipige marufuku silaha za aina hii zisizotabirika, pamoja na zile zikusudiwazo kushambulia watu.

Neno "kuamua" tulihifadhi kwa binadamu: kwa yule aliyeiwasha silaha, na yule aliyemwamuru aiwashe. Hao ndio watakaosimama mbele ya hakimu.