Ukitaka Kuonyesha Filamu ya Intaneti Mbele ya Watu

Siku hizi si ajabu kuingia katika ukumbi wa parokia na kukuta shuka jeupe limetundikwa ukutani, na mezani kompyuta na projekta. Baba Paroko aeleza hesabu za ujenzi, muuguzi afundisha akina mama, kiongozi wa WAWATA aonyesha namna ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi. Maneno machache na picha, ziitwazo slaidi, zapita moja baada ya nyingine, na watu wafahamu upesi. Tena wengi hupenda kutia katikati ya slaidi hizo filamu fupi waliyoipata katika intaneti, maana lile jambo ambalo mwalimu angelieleza kwa nusu saa, filamu yaweza kulionyesha kwa dakika tatu.

Kazi ya kutengeneza slaidi huwaangukia vijana wetu: binti aliyemaliza kidato cha nne, mwalimu wa shule ya msingi, katekista aliyenunua kompyuta iliyokwisha kutumika. Maneno haya basi ni yao, na ni yako pia wewe mzazi uliyewalipia karo. Kuna jambo moja ambalo wengi wao hawalijui mpaka siku ile wanaposimama mbele ya watu.

Jambo lenyewe ni hili: filamu ya intaneti uliyoitia katika slaidi haimo ndani ya slaidi. Iko mbali, huko huko ilikokuwa. Ulichoweka wewe ni anwani yake tu.

Kati ya mwaka 1935 na 1937 walikuwako Waingereza waliokaa Vugiri, katika milima ya Usambara, wakitengeneza filamu za mafundisho na kuzizungusha vijijini. Watu walikusanyika usiku, wakaona juu ya kitambaa habari za kilimo na afya. Filamu zile zilisafirishwa kwa lori, pamoja na mashine ya kuzionyeshea. Lori laweza kukwama matopeni, ni kweli. Lakini likisha kufika, filamu nayo imefika. Leo mambo yamegeuka. Kijana afika kwa pikipiki na kompyuta yake mgongoni, afurahi kwamba amebeba kila kitu, kumbe filamu hakuibeba.

Tazama jinsi inavyokuwa. Katika programu ya PowerPoint, ambayo ndiyo itumikayo sana, hubofya neno Insert juu ya kioo, yaani chomeka, kisha Video, halafu huchagua filamu ya mtandaoni, na kubandika anwani aliyoinakili kutoka YouTube. Mara moja picha ya filamu hutokea katika slaidi. Akiibofya, yacheza. Aipunguza ukubwa, aisogeza pembeni, ahifadhi kazi yake. Kila alamaa yaonyesha kwamba filamu imeingia. Lakini yote hayo ameyafanya mjini, au katika ofisi ya parokia, mahali penye mtandao. Google Slides nayo ina tabia hiyo hiyo: filamu ya YouTube, hata ile uliyoiweka katika hifadhi yako ya Google Drive, haichezi pasipo intaneti.

Sasa tuseme ni Jumamosi, katika kigango kilichoko nyuma ya mlima, ambako simu hushika mtandao ukipanda juu ya kichuguu tu. Muuguzi ameitwa awafundishe akina mama dalili za hatari za mtoto mchanga: mtoto asiyenyonya, mwenye homa, anayevuta pumzi kwa shida hata kifua chabonyea. Akina mama wametembea saa mbili, wengine wana mimba, wengine wana watoto mgongoni. Muuguzi afika katika slaidi ya filamu, abofya, na shuka lote lageuka jeusi. Abofya tena. Kijana wa kompyuta atoka nje na simu kutafuta mtandao. Watoto waanza kulia, mama mmoja akumbuka ng'ombe wake, mwingine amwambia jirani twende zetu jua linazama. Maneno ya kumwelezea mama jinsi kifua kinavyobonyea si kitu mbele ya kumwonyesha. Na mama aliyerudi nyumbani pasipo kuona, huenda usiku wa wiki ijayo akasema mtoto ana mafua tu. Ndiyo sababu nasema kwamba jambo hili si la mafundi peke yao.

Hata pale penye mtandao mzuri, usitulie mno. Mwenye filamu yaweza kuwa ameiondoa tangu wiki iliyopita, au amekataza isionyeshwe nje ya ukurasa wake. Tangazo la biashara laweza kutangulia, na hukulichagua wewe. Laweza kuwa la bia au la kucheza kamari, mbele ya watoto wa Utoto Mtakatifu waliokaa mstari wa kwanza. Na filamu ikiisha, YouTube hupanga picha za filamu nyingine za kukuvutia, ambazo pengine hungetaka zionekane ukumbini. Google Slides yakuruhusu kupanga filamu ianze na kuisha katika dakika uitakayo, nayo ni faida. Katika PowerPoint, filamu ya mtandaoni haikatiki. Shurti uisimamishe mwenyewe kabla haijafika mwisho.

Wenye kompyuta za zamani wana neno lao peke yao. PowerPoint ya mwaka 2010 ilikuwa ikicheza filamu za YouTube kwa msaada wa programu iitwayo Flash. Wenyewe, kampuni ya Adobe, waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Kwa hiyo ukiona katika kompyuta kuukuu filamu ya mtandaoni haichezi ingawa mtandao upo, usimlaumu kijana wala usipeleke kompyuta kwa fundi akutoze fedha bure.

Basi dawa ni kuibeba filamu yenyewe, kama lile lori. Lakini hapa pana mtego mwingine. Wako vijana hodari wa kuchota filamu yoyote katika YouTube kwa vijiprogramu vya pembeni, na waona ni ujanja. YouTube yakataza jambo hilo katika masharti yake, isipokuwa pale ilipotoa ruhusa yenyewe au mwenye mali. Na filamu zile zilizohifadhiwa kwa ruhusa ndani ya programu yao ya simu hazitoki kwenda katika slaidi. Amri ya saba haikusema usiibe kuku peke yake. Tena si lazima kuiba, kwa kuwa wako watu wanaotengeneza filamu kusudi zichukuliwe bure. Shirika la Access Agriculture lina filamu nyingi za wakulima wakifundisha wakulima, na zimo za Kiswahili: habari za kiduha katika mahindi, za udongo, za mifugo. Global Health Media Project hutoa filamu za uzazi na malezi ya mtoto mchanga, na Kiswahili kimo katika lugha zao. Pote pawili wakuruhusu kupakua filamu na kwenda nayo mahali pasipo mtandao. Maana waliwafikiria watu wa kwetu. Ukiipenda filamu ya mtu mwingine, mwandikie umwombe. Akinyamaza, tafuta nyingine.

Ipakue siku ulipo mjini penye mtandao wa kutosha, maana filamu ya dakika kumi yaweza kula megabaiti hamsini hata mia na zaidi, kwa kadiri ya ubora wa picha, na bando si mali ya kuchezea. Chagua faili la namna ya MP4. Kisha rudi katika PowerPoint, bofya Insert na Video kama mwanzo, lakini safari hii chagua filamu iliyomo katika kompyuta yako. Tangu PowerPoint ya mwaka 2010 filamu ya namna hii huingia ndani ya slaidi kweli kweli, na faili lote huwa zito. Uzito huo ndio ushahidi kwamba filamu imo. Tena hapa waweza kuikata mwanzo na mwisho upendavyo. Weka na nakala ya filamu peke yake katika flashi, ili slaidi zikigoma uicheze hivyo hivyo. Ukifika, hamishia kila kitu katika kompyuta utakayoitumia, usiicheze kutoka katika flashi, maana nyingine ni za polepole na filamu hukwamakwama.

Kuna jaribio moja la hakika. Siku moja kabla, ukiwa bado nyumbani, zima intaneti kabisa, anzisha slaidi tangu ya kwanza, na utazame filamu yote hadi mwisho. Ikicheza, nenda. Jaribu na sauti pia. Ukiunganisha projekta kwa waya wa HDMI, mara nyingi sauti huondoka katika kompyuta na kwenda katika kispika kidogo cha projekta, ambacho watu wa nyuma hawakisikii. Itakupasa kuirudisha kwa kuchagua spika katika alama ya sauti iliyo pembeni ya kioo. Na umeme uulizie mapema. Projekta nyingi za taa hula wati 200 hadi 300, na sola ndogo ya kuwashia taa ya nyumba haiziwezi.

Mwisho nataka kukuambia neno juu ya simu yako. Ikiwa waona filamu za mbali hazifanani na hali ya kijiji chenu, piga yenu. Ilaze simu, usiisimamishe, ili picha ijae shukani. Simama karibu na anayesema, jua likiwa nyuma yako. Omba ruhusa yake, na kama ni mtoto, ya wazazi wake. Dakika tatu zatosha kumwonyesha mama anavyotengeneza kichanja cha vyombo, au mzee anavyochimba matuta ya kuzuia maji. Ihamishe kompyutani kwa waya, uichomeke kama nilivyoeleza. Filamu ya namna hiyo haina tangazo wala haidai bando, na wanakijiji watakuomba uirudie: mara ya kwanza watakuwa wakimcheka jirani yao aliyemo, mara ya pili ndipo watakapotazama matuta.