Kalamu Isiyoanikwa Juani

Wengi wetu tukishika kalamu ya wino hutazama nibu tu. Mimi nataka kuwaelezeni habari za vazi lake.

Huko China wako mafundi wazipambao kalamu kwa laka, yaani utomvu wa mti. Mti huchanjwa gome, na utomvu hukingwa. Ukiwa mbichi huwasha na kuvimbisha ngozi, kwa hiyo fundi hana budi kujihadhari.

Linalonistaajabisha ni kukauka kwake. Laka haianikwi juani. Huwekwa kabatini penye uvuguvugu na unyevu, maana bila unyevu haikazi.

Katika mtindo uitwao xipi, fundi kwanza hufanya vinundu kwa laka nzito. Kisha hupaka rangi mbalimbali, tabaka juu ya tabaka, akingoja kila moja ikauke. Mwisho husugua mpaka pawe laini, na rangi zilizofichika hutokea kama mawimbi. Akipaka nene kwa haraka, laka hujikunja, na kazi huharibika.

Lakini subira hiyo ina malipo: bakuli la mti lenye laka nyekundu, lililofukuliwa Hemudu, limedumu zaidi ya miaka 6000.