Sauti ya mfalme ilipofika Omurushaka

Jioni pale Omurushaka, Karagwe, inapochepukia barabara ya Kyerwa, kibanda cha video hukisikia kabla hujakiona. Nilisimama nje ya kimoja wakati filamu ya Black Panther inaonyeshwa. Juu ya filamu alikuwa mtafsiri, anamwaga Kiganda: anatangaza nani anamvizia nani, anacheka kabla ya watazamaji, anamwonya shujaa kwamba adui yuko mgongoni. Ndani, vijana walimwitikia kwa kelele. Sauti ya Chadwick Boseman, aliyeigiza mfalme T'Challa, ilisikika kwa mbali, kama ya mtu anayeongea chumba cha pili.

Jambo hilo limenikaa moyoni, maana sauti ile Boseman aliipigania.

Julai 2017 alipanda jukwaani San Diego, kwenye tamasha la Comic-Con, mbele ya maelfu ya mashabiki. Alikuwa na wenzake, akiwamo Lupita Nyong'o wa Kenya na Daniel Kaluuya, Mwingereza ambaye wazazi wake ni Waganda. Vipande vya filamu vilipoonyeshwa, ukumbi mzima ulisimama kushangilia. Lakini vita yake ilikuwa imepiganwa mapema, mbali na mashabiki.

Filamu ilipokaribia kutoka, mwaka 2018, aliisimulia vita hiyo kwa waandishi. Kulikuwa na wasiwasi studio kwamba watazamaji wangechoka kusikia lafudhi ya Kiafrika filamu nzima. Yeye akaona kinyume. Wakanda, nchi ya kubuni ya T'Challa, haikuwahi kutawaliwa na mkoloni. Mfalme wake aazime lafudhi ya Mwingereza kwa sababu gani? Alijiuliza pia angerudije nyumbani akiwa amezungumza hivyo. Kwake, hapo hapakuwa na maelewano: bila lafudhi ile, kazi isingefanyika.

Njia ilikuwa imefunguliwa na mzee John Kani wa Afrika Kusini. Wakati wa kuigiza Captain America: Civil War, iliyotoka 2016, Kani, aliyeigiza baba yake T'Challa, aliomba azungumze na mwanawe kwa Kixhosa, lugha yake ya kuzaliwa. Waongozaji wakapenda, Boseman akajifunza maneno yake, na Kixhosa kikawa lugha ya Wakanda.

Sasa kazi yote hiyo inafika Karagwe na kufunikwa. Siwezi kumlaumu mtafsiri. Bila yeye, wengi kibandani wangeambulia ngumi na milipuko tu. Amemfanya mfalme aeleweke, na jina lake haliandikwi popote mwishoni mwa filamu. Lakini ni sauti ya nani mtoto wa Nkwenda, huko Kyerwa, ataiga akienda kuteka maji? Kwa nini amsikie shujaa kwa Kiganda au Kiswahili, na Kinyambo, lugha ya nyumbani, kisubiri nje? Na mapato ya mlangoni, nani kati ya wenye haki anayaona?

Boseman alifariki Agosti 28, 2020, akiwa na miaka 43. Hawezi tena kuipigania sauti ile, kwa hiyo ningependa wenye vibanda wa Kayanga na Nkwenda wajaribu jambo moja: dakika kumi za mwanzo mtafsiri anyamaze, T'Challa asikike mwenyewe, ndipo tafsiri ianze. Vijana waamue wenyewe kama ile lafudhi ilistahili kupiganiwa.